Siku ya nne au siku ya sita: barua za ukungu wa nyanya

Muulize Bibi Shamba

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Manyovu, wilaya ya Buhigwe. Nalima nyanya nusu ekari mlimani, wakati wa mvua, kwa sababu miezi hiyo nyanya huadimika na bei ya tenga inapanda soko la Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka jana ukungu uliniingilia, nikapiga dawa kila wiki, nikavuna. Mwaka huu mbegu ni ileile Cal J, dawa ileile ya mankozebu na metalaksili, bomba lilelile. Jumapili niliona madoa machache. Alhamisi nusu ya shamba ilikuwa nyeusi kama imemwagiwa maji ya moto, na wiki iliyofuata sikuwa na kitu. Kilichobadilika ni miche tu: sikuotesha mwenyewe, nilinunua bonde la Luiche kwa mtu anayelima nyanya mwaka mzima. Ng'ambo ya kijito jirani yangu ana viazi mviringo, navyo viliungua kidogo tu vikaendelea. Wapo wanaosema nimeuziwa dawa feki, wapo wanaosema ni ukungu mpya umetoka Burundi. Mama anasema ni jicho la watu. Nisaidie, maana nilikopa.*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara tatu. Watu wakiniandikia kuhusu ukungu hunitajia rangi ya doa. Wewe umenitajia siku: Jumapili, Alhamisi. Hizo siku ndizo nitakazozishika.

Kwanza jina. Kwa maelezo yako, na kwa picha ya tunda uliyoiambatanisha, kilichokula shamba lako ni bakajani chelewa. Doa huanza kijani iliyofifia kama jani lililolowa, likawa kahawia, likawa jeusi. Alfajiri ukigeuza jani utakuta unga mweupe pembezoni mwa doa. Shina nalo hupata mabaka, na tunda bichi hufanya baka gumu la kahawia lenye mng'ao wa mafuta. Neno "chelewa" lisikudanganye, maana linaweza kuingia hata kwenye kitalu. Kimelea chake kinaitwa Phytophthora infestans, jina alilokipa Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, na ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Sisi tunakiita ukungu, na mimi nitaendelea kukiita hivyo, lakini kwa nasaba si kuvu. Kiko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko uyoga. Jambo hili linagusa mfuko wako moja kwa moja: dawa yenye kabendazimu, ambayo ni nzuri kwa kuvu wengine, hiki haikidhuru kabisa. Nimeshaona watu wakiipiga wiki nne mfululizo huku shamba linaisha mbele ya macho yao.

Sasa nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, nikiwa nimeshakaa kwenye ugani miaka mingi. Ukungu wenye jina moja si mmoja. Ndani ya jina hilo kuna koo nyingi, na koo hizo zinapishana ukali. Na ukali wenyewe ni wa aina mbili, watu huzichanganya. Kuna ukungu wenye ufunguo: mbegu fulani imezalishwa na kinga, kama mlango wenye kitasa, na ukungu huo unakifungua. Kuna pia ukungu wenye mbio. Huu hauhitaji ufunguo, kwa sababu mlango uko wazi kwa wote, ila ukishaingia hufanya kazi haraka kuliko wenzake. Matone machache tu yanautosha kuingia, doa lake hutanuka kwa kasi, unga wake hutoka mapema na hutoka mwingi. Cal J haina kitasa cha bakajani chelewa. Kwa hiyo habari yako wewe ni ya mbio.

Chukua maharage uweke mezani, uhesabu pamoja nami. Tuseme kila doa moja huzaa madoa kumi. Ukungu wa kwanza unachukua siku sita tangu kutua kwenye jani mpaka kutoa unga. Wa pili unachukua siku nne. Katika siku 24, wa kwanza umezaa mara nne: kumi, mia, elfu, elfu kumi. Wa pili umezaa mara sita: umefika milioni. Siku mbili tu, ambazo ukipita shambani huwezi kuziona kwa macho, zimefanya tofauti ya mara mia. Ndiyo maana mwaka jana ulikuwa na nafasi ya kupiga dawa, ukaangalia, ukapiga tena, na mwaka huu ulipokuwa unachanganya bomba la pili shamba lilikuwa limeshakwenda.

Lakini nisikukimbize. Kasi peke yake haithibitishi kwamba ukungu ni mwingine, kwa sababu hewa nayo ina mkono mkubwa. Ukungu huu unapenda usiku wa nyuzi 18 hadi 22 na majani yaliyolowa mpaka jua limepanda. Maji yakiwa baridi zaidi, chini ya nyuzi 15 hivi, kila kifuko cha mbegu yake hupasuka na kutoa chembe kadhaa zenye mikia, zikaogelea juu ya jani zikitafuta pa kupenyea. Kifuko kimoja kinakuwa mashambulizi mengi. Milimani kwenu usiku wa mvua ndio huohuo. Bondeni karibu na ziwa, Tanganyika ikiwa kama mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hulibana doa lisitanuke. Halifi, linabanwa. Na hapo ndipo miche yako iliponishtua.

Fikiria bonde la mtu anayelima nyanya Januari mpaka Desemba. Ukungu huu kwa kawaida huishi kwenye mmea ulio hai, kwa hiyo nyanya ikikosekana miezi kadhaa, unakosa makao. Kwake haikosekani kamwe. Shamba moja linakwisha, la pili liko kwenye maua, kitalu cha tatu kiko pembeni. Anapiga dawa ileile kila wiki. Kila anapopiga, ukungu dhaifu unakufa na ule unaostahimili unabaki na uwanja mzima. Kila mzunguko wa uzazi, wenye siku nne unawatangulia wenye siku sita kulishika jani jipya. Miaka ikipita, kilichobaki bondeni ni mchujo wa mchujo. Kisha mche wa wiki nne, wenye alama isiyozidi kichwa cha pini chini ya jani, unapandishwa kwenye gari asubuhi, saa za jioni uko Manyovu, kwenye ubaridi na umande. Marekani yaliwakuta hayo mwaka 2009: miche ya nyanya yenye ugonjwa iliuzwa kwenye maduka makubwa ya majimbo ya kaskazini mashariki, watu wakaipanda kwenye bustani za nyumbani, na ukungu ukazuka kila mahali kwa wakati mmoja, mapema kuliko walivyozoea. Sisemi aliyekuuzia alikuwa na nia mbaya. Nadhani hata yeye hakuuona.

Kuhusu Burundi. Mbegu za ukungu husafiri na upepo. Siku ya jua kali hufa ndani ya saa moja hivi, lakini siku ya mawingu hubaki hai saa nyingi na kwenda mbali. Mpaka uko pua na mdomo na kwenu, kwa hiyo haiwezekani kuapa kwamba haukutoka huko, kama ambavyo watu wa Mugina hawawezi kuapa kwamba wa kwao haukutoka kwetu. Na kweli kuna mgeni Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi ukoo uliotawala kwetu, kama ulivyotawala sehemu kubwa ya dunia, uliitwa US-1. Kazi ya utafiti iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba ukoo wenye asili ya Ulaya umeshatawala katika ukanda wetu. Koo zinahama na kufukuzana. Sisi hulaumu mbegu, hulaumu mvua, na mwenye nyumba ameshabadilika.

Viazi vya jirani yako vimenifurahisha, kwa maana ya kunifundisha. Mwaka 2000 ilichapishwa kazi iliyolinganisha ukungu wa viazi na ukungu wa nyanya kutoka Uganda na Kenya. Wote walikuwa wa ukoo uleule wa US-1, lakini walikuwa wameshajigawa: kila upande umeuzoea mmea wake na kuumudu kuliko mwingine. Ndugu wa tumbo moja, mmoja kazoea jiko hili na mwingine lile. Kwa hiyo shamba lako kuteketea huku viazi vikiumwa kidogo kunaendana na ukungu uliokuzwa kwenye nyanya. Kunaniongezea shaka juu ya miche na kunanipunguzia shaka juu ya jirani. Tafadhali msigombane. Hata hivyo msimu ujao usipande nyanya ubavuni mwa viazi, maana mazoea si ukuta.

Sasa dawa. Hapa nina deni langu la kulisema. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 nilikuwa na kata moja ya Kasulu. Ukungu ulipokataa dawa ya metalaksili, niliwaambia wakulima waongeze vijiko. Mama mmoja wa watoto wanne aliuza mbuzi wawili akanunua dawa ya nyongeza kwa neno langu. Shamba lake likaisha palepale. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikipita njia ya kwake. Wakati ule sikujua kwamba metalaksili, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa imeshakutana na ukungu sugu Ireland na Uholanzi tangu 1980. Metalaksili hukipiga kimelea mahali pamoja tu. Kikibadilika mahali hapo, hata ukimwaga pakiti nzima kwenye bomba moja haina kazi. Mankozebu na shaba hukipiga sehemu nyingi kwa pamoja, ndiyo maana hakijazizoea, ila zenyewe ni za kugusa tu. Hukaa juu ya jani kama koti. Ukungu ukishaingia ndani, koti halisaidii.

Rudi sasa kwenye pakiti yako yenye vyote viwili. Kama ukungu uliokujia hausikii metalaksili, ulichokuwa unapiga kwa kweli ni mankozebu peke yake, na uliipiga baada ya kuona madoa. Hapo dawa halisi kabisa inaonekana kama feki. Lakini usugu na mbio ni vitu viwili, na wakati mwingine huenda kila kimoja na njia yake. Marekani kuna ukoo wa US-23, mkali sana kwa nyanya, ambao kwa sehemu kubwa metalaksili bado inauweza. Ulaya kulitokea ukoo waliouita Blue 13 miaka ya 2000, ukafika kusini mwa India ukaharibu viazi na nyanya, na huo ulikuwa na vyote, mbio na usugu. Wako ni upi? Hilo tunaweza kulikaribia jikoni kwako.

Kipimo hiki nilifundishwa na mtafiti mmoja aliyekuja kutuonyesha kazi, na kwenye maabara wanafanya vilevile kwa vyombo vizuri zaidi. Tafuta mabakuli ya plastiki yenye vifuniko. Ukishayatumia yasirudi tena kwenye chakula. Tandika tishu zilizoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chuma vijani vya nyanya safi ambayo haijapigwa dawa, vya umri mmoja, kutoka mche mmoja au miwili ya mbegu ileile, uvigeuze, upande unaotazama jua uwe chini na upande wa chini ya jani uwe juu, vitano kila bakuli. Chukua kipande cha jani lenye unga mweupe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ukisuuze kwenye kijiko cha maji yaliyopoa, na kwa sirinji isiyo na sindano udondoshe tone moja katikati ya kila kijani. Bakuli la kwanza ni ukungu wa shamba lako, la pili ni wa shamba lingine mlimani hapohapo, la tatu maji matupu. Funika, weka chumbani penye ubaridi, mbali na jua. Kila asubuhi saa ileile fungua, pima doa kwa rula ya mtoto wa shule, andika. Unachosubiri hasa ni unga mweupe: umetoka siku ya ngapi?

Uzuri wa bakuli ni kwamba hewa ni moja, jani ni moja, maji ni mamoja. Kinachobaki kutofautiana ni ukungu. Mwaka mmoja nililinganisha sampuli mbili za tarafa moja, umbali wa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ya kwanza unga ulitoka siku ya nne asubuhi, vijani vyote vitano. Ya pili ilikuwa siku ya sita, na vijani viwili havikutoa kitu. Nilikaa mbele ya yale mabakuli nikamkumbuka yule mama wa mbuzi. Rudia mara mbili kabla ya kuamini, kwa sababu ukisuuza kipande chenye unga mwingi upande mmoja utajidanganya. Na usisafirishe jani linaloumwa kutoka bondeni kwenda mlimani ili kupima. Ukipima, pima la hapohapo. Ukimaliza, mimina maji ya moto ndani na ufukie vyote.

Ongeza bakuli la nne kwa ajili ya shaka ya dawa feki. Vaa glavu, changanya dawa yako kwa kipimo cha kwenye pakiti, chovya vijani, viache vikauke kabisa, ndipo udondoshe tone la ukungu. Mankozebu halisi inatakiwa kuvilinda. Vikioza kama vile visivyochovywa, basi kamata pakiti hiyo pamoja na risiti uipeleke kwa mkaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Vikipona, muuza dawa umwombe radhi kama ulishamsema.

Msimu ujao otesha miche mwenyewe hukohuko mlimani, na ng'oa kila nyanya iliyojiotea pembezoni. Simika miti, punguza majani ya chini yasiguse udongo, mwagilia kwenye shina asubuhi, sio juu ya majani jioni. Piga koti la mankozebu au shaba kabla ya doa, mawingu yanapoanza kulala mlimani. Doa la kwanza likionekana badilisha kundi la dawa: soma maandishi madogo yanayotaja kilichomo, maana majina makubwa ya mbele yanaweza kuwa matatu na ndani kukawa na metalaksili ileile. Simoksanili na dimethomofu ni makundi mengine. Mche ulioungua ufunike kwa gunia kabla hujaung'oa, usipite nao shambani ukipepea. Mbegu zenye kitasa pia zipo. Kinga ya zamani iliyoitwa Ph-1 ilishafunguliwa na ukungu wenye ufunguo. Ph-3 ilitoka kwenye nyanya mwitu ndogo za Amerika Kusini, nayo ikiunganishwa na Ph-2 hushika vizuri zaidi. Muulize muuza mbegu, na asipokujibu, usinunue kwa sababu ya picha tu.

Kwa sasa, kwenye hiyo nusu ekari, weka maharage. Hayapati ugonjwa huu, na ndani ya miezi mitatu utakuwa na kitu cha kumwonyesha aliyekukopesha. Mama yako usimbishie. Mwambie utamwonyesha bakuli.

*Bibi Shamba, hujambo. Mimi nalima bustani upande wa bwawa la Igombe, Uyui, Tabora. Nyanya zangu zinapata madoa ya kahawia yenye miduara ndani kama shabaha, kuanzia majani ya chini. Mwenzangu tumepakana, mbegu moja, zake hupata madoa matatu manne tu. Mume wangu analima tumbaku na nayo ina madoa ya kahawia. Je, tumbaku ndiyo inaambukiza nyanya?*

Sijambo, mama, nakushukuru. Wako ni ugonjwa mwingine, bakajani tangulia, na huu kweli ni wa kuvu halisi, jamii ya Alternaria. Hauendi mbio kama ule wa Manyovu. Unapenda joto la nyuzi 24 hadi 29, hukaa kwenye masalia ya majani msimu hadi msimu, na huingilia jani lililozeeka au mmea wenye njaa. Nao una koo zinazopishana. Zamani wote tuliuita kwa jina moja, Alternaria solani. Baadaye wataalamu waliona kwamba ule wa nyanya na ule wa viazi wanatofautiana, na ule wa nyanya ndio mkali zaidi kwenye nyanya, wakampa jina lake. Yupo na Alternaria alternata, ambaye mara nyingi ni dhaifu, anafuata jani lililoshaumia. Kwa hiyo madoa yanayofanana kwenye bustani mbili yanaweza kuwa na wenyewe tofauti.

Madoa ya kahawia ya tumbaku pia huletwa na Alternaria, na hapo hofu yako ina msingi. Ila ukoo unaoumiza tumbaku una sumu yake inayoichagua tumbaku. Siyo huo unaochora miduara kwenye nyanya yako. Tumbaku naiogopea mambo mengine: virusi vya batobato, ambavyo mumeo anaweza kuvibeba mikononi, na minyoo fundo ya mizizi. Aoshe mikono kwa sabuni kabla hajagusa miche, na nyanya isifuate tumbaku kwenye udongo uleule.

Kwa nini mwenzako amepona? Kabla ya kusema ukungu wake ni mpole, nenda ukamwone. Je, anaweka samadi? Anaondoa majani ya chini? Masalia ya mwaka jana aliyafukia au yamelala kwenye tuta kama kwako? Nyanya iliyobeba matunda mengi bila chakula cha kutosha, jani lake la chini huzeeka kabla ya wakati, na hata ukungu dhaifu hulimudu. Kwa bakajani chelewa nauliza ukungu kwanza. Kwa huu wako nauliza mmea kwanza. Mkishafanana kwa kila kitu na tofauti ikabaki, basi fanyeni bakuli kama nilivyomweleza kijana wa Manyovu, ila msubiri siku nyingi zaidi na mtumie majani ya chini, maana jani changa hukataa.

*Shikamoo Bibi. Nipo Kasulu. Ukungu uliua miche yangu yote isipokuwa minne katikati ya shamba, imebaki kijani na ina matunda. Nikamue mbegu zake?*

Marahaba. Kama ulipanda mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama, na unaweza kuhangaika bure. Kama ni mbegu ya kawaida, kamua, ila usiseme bado kwamba umepata mbegu yenye kinga. Mche unaweza kupona kwa sababu upepo ulipita kando, au ulikuwa juu ya kichuguu majani yakawahi kukauka. Loweka mbegu na maji yake siku mbili mpaka tatu, suuza, kausha kivulini.

Kabla ya hapo, leo hii ukisoma, chuma vijani vitano kwenye kila mche kati ya hiyo minne, na vitano vya nyanya nyingine yoyote yenye afya ambayo haijapigwa dawa. Kama miche yako uliipiga dawa, subiri majani mapya. Viweke kwenye mabakuli, dondosha ukungu wa shamba hilohilo, ule uliowaua wenzao. Unga ukitoka siku ileile moja na ile nyanya nyingine, kula hizo nyanya. Unga ukichelewa siku mbili, usile hata moja. Niandikie siku ya ngapi, na kwa mche upi.